Barua ya wazi kwa wasimamizi wa taka na vibali vya ujenzi: tuonyesheni pa kupeleka vipande vya jipsamu

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote wa ofisi za mazingira, wa vibali vya ujenzi, na nyie mnaogawa tenda za kuzoa taka. Nawaandikia wote kwa pamoja makusudi kabisa, maana nikimwandikia mmoja jibu lake nalijua, hilo si la idara yangu nenda dirisha la pili, na dirisha la pili nao watanirudisha la kwanza. Mimi ni fundi wa dari na partisheni, mkate wangu ni bodi za jipsamu, zile za unga wa jiwe ulioganda katikati ya karatasi mbili, na ninalotaka kuwaambia ni moja tu: vile vipande vinavyobaki tukimaliza kazi ni malighafi nzima kabisa inayotakiwa kiwandani, vinageuka taka siku vinapochanganywa na uchafu mwingine na kunyeshewa, na hilo mnaweza kulizuia nyie kwa mistari michache tu kwenye kibali, ila kwanza lazima pawepo na mahali pa kuvipeleka.

Naanza na saiti maana naona wengi wenu mnafika siku ya uzinduzi wakati kumeshapigwa deki. Bodi ya kawaida ina mita 1.2 kwa 2.4 na chumba hakijawahi kujengwa kikafuata kipimo cha bodi, kuna dirisha, kuna mlango, kuna kona iliyopinda ambayo mchoraji aliona inapendeza, kuna tundu za soketi na taa, kila mahali kisu kinapita na kipande kinaanguka chini. Kwenye jengo jipya inakubalika kabisa kwamba kama sehemu moja ya kumi ya bodi zote zilizonunuliwa itaishia kuwa vipande. Na hii si karatasi jamani, bodi moja ya unene wa milimita 12.5 ina uzito wa kilo 20 na kitu, sasa chukua jengo la ghorofa kadhaa ufanye hesabu mwenyewe, ni malori. Vipande hivyo ni visafi, havijapakwa rangi, havijapigwa fila (ule uji wa kuziba maungio), vingine havina hata skurubu, na sisi tunavibeba tunavitupa kwenye kontena moja pamoja na mabaki ya mbao, nailoni, mikate iliyooza ya vibarua, makopo ya rangi, basi. Mwenye kontena analipwa kwa kuondoa kontena, hajali ndani kuna nini, na kibali chenu hakijamuuliza.

Sasa tufuatane na hilo kontena mpaka dampo, maana hapo ndo penye shida yenyewe na ndo sehemu ambayo naona haijaeleweka hata kwa wakubwa. Ukiishika jipsamu mkononi ni kitu kipole, haina sumu, ni madini ya kalsiamu, salfa na oksijeni yaliyofungwa pamoja na maji, maji hayo ni karibu asilimia 21 ya uzito wake japo ukigusa unaona kavu, na hayo maji ndo yanayofanya ukuta wa jipsamu uchelewe kushika moto kwa sababu moto lazima uyafukuze kwanza. Mpaka hapo safi. Ila ifukie chini kwenye taka zinazooza, mvua inyeshe, hewa ikose kupita, hapo wanaingia bakteria ambao badala ya oksijeni ya hewani wanatumia salfeti, yaani ile salfa na oksijeni ya jipsamu, iliyoyeyuka kwenye maji, chakula chao ni taka zinazooza, hata karatasi ya bodi yenyewe inawafaa, na wanachotoa ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ndo ile harufu ya yai bovu. Pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa kiasi kidogo mno hewani, ndo maana majirani wa dampo wanalalamika mapema kabla kipimo chochote hakijasoma kitu cha maana, na nyie mnawaambia wavumilie ni harufu tu.

Siyo harufu tu. Gesi hii ikifika kama sehemu 100 kwa milioni ya hewa inaua uwezo wa pua kunusa, yaani mtu anahisi harufu imeisha kumbe imezidi, na kiwango hichohicho ndicho wataalamu wa usalama kazini wanakihesabu kuwa cha hatari ya papo kwa papo. Ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inakaa kwenye mashimo na kwenye matangi, pale pale anaposhuka kijana wenu kuzibua bomba. Japani, mkoa wa Fukuoka, mwaka 1999, wafanyakazi watatu walikufa kwa gesi hii kwenye dampo la taka za viwandani, na Japani wakabana masharti ya kufukia bodi za jipsamu. Kwa hiyo mkisema hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu jipsamu, mimi nasema wanaolalamika mnao kwenye mafaili yenu, wameandika "harufu ya dampo", hawakujua waandike jipsamu.

Na kuna kosa jingine linafanyika kwa nia njema kabisa. Dampo linahitaji kufunikwa kila siku ili taka zisipeperuke na nzi wasizaliane, udongo ni gharama, basi mtu anasema tuchukue kifusi cha ujenzi tukisage tutumie hicho, kinaonekana kama mchanga tu. Tatizo ni kwamba kwenye kifusi kilichosagwa vile vipande vidogo vidogo kabisa vinavyopita kwenye chekecheke ndo vyenye jipsamu nyingi, kwa sababu jipsamu ni laini inasagika upesi kuliko zege. Yani mnamwaga ungaunga wa salfeti juu ya taka zinazooza, kila siku, tabaka kwa tabaka, halafu mvua. Kama kuna sehemu wanafanya hivyo saivi naomba mwache kesho asubuhi, hili halihitaji kikao.

Kuchoma nako msifikirie. Niliwahi kusikia mtu mkubwa tu akisema eti tuchome. Jipsamu haiwaki, karatasi inaungua, na kwenye joto kali la tanuru la taka salfa inatoka kama gesi nyingine inayokwaruza mapafu na kula bomba la moshi. Basi tusirudie hilo.

Haya tuje kwenye raha ya hii kitu, maana mimi nikiongea hapa ndo napata moto. Jipsamu ni moja ya vitu vichache sana saiti ambavyo unaweza kuvirudisha vilivyokuwa, si kuvishusha daraja vikawa kitu cha ovyo. Kiwandani wanachukua jiwe la jipsamu, wanalisaga, wanalipasha joto la nyuzi 150 hivi, linapoteza robo tatu ya maji yake na kuwa unga, ule unga ukichanganywa na maji unayanywa tena na kuganda upya kuwa jiwe lilelile, hapo ndo wanaumwaga katikati ya karatasi mbili na bodi imepatikana. Sasa angalia, kipande kilichokatwa saiti ni jiwe lilelile lililoganda. Ukikisaga, ukakichekecha karatasi ikatoka, ukanasa skurubu kwa sumaku, unachobaki nacho kinaingia tena kwenye tanuru na kunywa maji tena, na kinaweza kurudia safari hiyo tena na tena. Karatasi nayo si hasara, inaweza kwenda kwenye mboji. Mashine yenyewe si ya ajabu, ni ya kusaga, ya kuchekecha, na sumaku, kazi kubwa iko kwenye kupata mzigo safi na mkavu.

Na wanunuzi wapo, hili niseme kwa sauti kwa sababu kila nikizungumza naulizwa nani atanunua uchafu. Viwanda vya bodi vya Ulaya kwa miaka mingi vimetegemea sana jipsamu inayotoka kwenye mabomba ya vituo vya umeme vya makaa ya mawe, pale wanaposafisha salfa kwenye moshi kwa chokaa inazaliwa jipsamu safi kabisa. Vituo hivyo vinafungwa, Ujerumani walipitisha sheria mwaka 2020 kwamba makaa yawe yameisha ifikapo 2038, na makaa yakiisha jipsamu hiyo nayo inaisha. Itabaki kuchimba mlima au kurudisha vipande. Mkemia hahitajiki hapo. Viwanda vya saruji navyo vinaweka jipsamu kama asilimia 3 mpaka 5 wakati wa kusaga, bila hiyo saruji ingegandia mikononi mwa fundi kabla hajaitandaza, na wao hawana masharti makali kama kiwanda cha bodi.

Kuna na shamba. Jipsamu inampa mkulima kalsiamu na salfa, na kwenye udongo wenye chumvi ya sodiamu nyingi unaokaza kama lami inasaidia udongo uachie na maji yapite, hilo linajulikana zamani. Ila hapa naomba mweke masharti yenye akili. Bodi safi ya kawaida, sawa. Zile bodi za bafuni zinazohimili maji zina nta au silikoni ndani, zile za kuzuia moto zina nyuzi za kioo, hizo kiwanda cha kurejesha kitajua cha kufanya nazo lakini shambani sioni zinatafuta nini. Na kuna watu wanatandika unga wa jipsamu chini ya ng'ombe kwa sababu unanyonya unyevu vizuri, ni kweli unanyonya, lakini ukisukumwa pamoja na kinyesi ukaingia kwenye shimo la samadi lisilo na hewa umetengeneza dampo dogo nyuma ya banda, na siku ya kukoroga lile shimo gesi inatoka yote kwa mpigo. Hiyo ipigeni marufuku bila kunisubiri mimi.

Nataka pia tuelewane kitu kimoja kabla hamjaandika kanuni moja ya kila kitu. Vipande vipya vya saiti na bodi zilizobomolewa kwenye ukarabati wa nyumba ya zamani ni vitu viwili tofauti. Bodi ya kubomoa ina rangi, ina fila, ina tepu za maungio, imegandiwa na vigae, na kwenye majengo ya zamani fila ya maungio inaweza kuwa na asbesto, zile nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, Marekani wenyewe walipiga marufuku fila za asbesto mwaka 1977, kwa hiyo ukuta uliojengwa kabla ya hapo upimwe kwanza kabla mtu hajaupiga nyundo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Hizo njia yake iwe peke yake, kuna kupima, kuna barakoa, kuna kukataa mzigo. Anzeni na vipande vipya, ndo rahisi, ndo visafi, na vingi vinajulikana vitatokea lini na wapi kwa sababu kibali cha ujenzi mmekitoa nyie.

Wenzetu wamefanyaje? Vancouver kule Kanada walishaacha kuzipokea bodi hizi kwenye madampo tangu miaka ya 1980, baada ya kuona vituko vya hiyo gesi, na kilichowabeba ni kwamba karibu na hapo kulikuwa na mtu tayari kuzisaga na kuvirudishia viwanda. Umoja wa Ulaya kwa uamuzi wa mwaka 2003 walisema jipsamu isizikwe pamoja na taka zinazooza, iwe na shimo lake. Uingereza ndo wana mkasa wa kujifunza, wao waliweka mwongozo kwamba mzigo ukiwa na jipsamu isiyozidi asilimia 10 unaweza kufukiwa na taka za kawaida, unajua tena binadamu, nani atakaa getini kupima asilimia ndani ya kontena la kifusi? Mwaka 2009 wakaufuta, ikawa hata mzigo wenye kidogo utenganishwe. Massachusetts huko Marekani wakapiga marufuku kutupa bodi safi kuanzia tarehe 1 Julai 2011, na angalieni neno safi, hawakuchanganya na za kubomolewa.

Nimesoma hayo nikaona mpangilio mmoja ambao naomba msiugeuze. Marufuku bila pa kupeleka inazaa wazikaji. Mnajua vizuri kwamba mkandarasi akikataliwa getini jioni, lori limejaa, dereva anataka kwenda kwake, ule mzigo utalala bondeni au utafukiwa nyuma ya jengo hilohilo kabla ya kumwaga udongo wa bustani, na huko chini hakuna hata bomba la kutoa gesi kama dampo. Kwa hiyo kituo kwanza, halafu bei, halafu sheria.

Kituo chenyewe hakihitaji ukuta wa marumaru. Kinahitaji paa na sakafu ya zege, basi, paa hasa, kwa sababu bodi iliyolowa karatasi haitoki vizuri, unga unaganda kwenye mashine, na kiwanda kitakataa mzigo, na hapo mtasema mnaona, tulijaribu ikashindikana. Halikushindikana jambo, mlikosa mabati. Kila saiti kubwa nayo iwe na kontena lake la jipsamu lenye mfuniko au hata turubai lililofungwa vizuri, liandikwe kwa herufi kubwa na lisogezwe karibu na sehemu tunapokatia, maana fundi hatembei ghorofa tatu kushuka kutupa kipande, mimi nawaambia kwa kuwa ni fundi. Likiwa mbali litajaa chupa za maji.

Bei ndo msumari. Kupokea mzigo wa jipsamu peke yake kuwe nafuu kuliko kupokea mzigo uliochanganywa, tofauti ionekane kwenye risiti, siyo ya kuhurumiana. Mkandarasi hana dini kwenye jambo hili, atafuata kalkuleta, na siku akiona kutenganisha kunamwachia kitu mfukoni mtashangaa jinsi vibarua watakavyofundishwa kutenganisha ndani ya asubuhi moja. Mkiweka bei sawa, hata mkibandika mabango njia nzima, mtakuwa mnapoteza rangi.

Kwenye kibali naomba yaingie mambo mawili tu, msije mkatunga fomu ya kurasa ishirini. Mwombaji aandike bodi kiasi gani zitaingia saiti na vipande vitapelekwa wapi, na wakati wa kuomba cheti cha kukamilisha jengo alete risiti za mizani. Kama aliingiza bodi za malori na risiti ni za mkokoteni, hapo mna swali la kumuuliza. Hii inawasaidia na nyie, leo mkiulizwa jipsamu kiasi gani inaingia madampo yenu kwa mwaka mtajibu nini?

Wale wa ukarabati mdogo msiwasahau, mtu amebadilisha dari ya chumba kimoja, ana viroba vichache, hana lori wala mkandarasi, huyo ndo anaishia kuvitia kwenye taka za nyumbani, na za nyumbani ndo zinazooza, ndo mbaya zaidi. Maduka yanayouza bodi yakubali kupokea vipande vikavu vya mteja, lori linaloshusha bodi mpya dukani lirudi na vipande badala ya kurudi tupu. Kuna viwanda vinafanya hivi na wateja wao wakubwa, wadogo nao waingizwe.

Na wachoraji wa majengo, najua si idara yenu lakini michoro mnaipitisha nyie. Bodi zinatengenezwa kwa urefu tofauti mpaka mita 3 na zaidi, ukimpa fundi vipimo mapema anaagiza urefu unaolingana na ukuta na vipande vinapungua kabla ya kuzaliwa. Lakini mtu anachora dari ya mita 2.5, bodi ya 2.4 haifiki, unaunga sentimita kumi juu chumba kizima, na kutoka kwenye kila bodi uliyoikatia hicho kibanzi kinabaki kipande kinachoelekea kontena. Wakati mwingine nakaa nikitazama hizo sentimita kumi nachoka kabisa. Vipande vikubwa sisi mafundi tunavitumia kabatini, nyuma ya mabomba, juu ya milango, ila fundi anayelipwa kwa mita za mraba haoni kwa nini apoteze muda kuunga vipande wakati bodi nzima ipo na si pesa yake, kwa hiyo mikataba ya serikali iwape mafundi sababu.

Nimetaja serikali kwa sababu majengo mnayojenga nyie wenyewe ni mengi, madarasa, zahanati, ofisi. Huko hamhitaji bunge wala kanuni mpya, ni tenda yenu, mnaandika sharti na mkandarasi anasaini. Chagueni jengo moja linaloanza mwaka huu, liwekewe kontena lenye mfuniko, tafuteni kiwanda cha bodi au cha saruji kilicho karibu mkiulize kinakubali mzigo wa namna gani, unyevu kiasi gani, karatasi kiasi gani, kabla ya kusaga chochote, halafu pimeni kila lori linalotoka. Matokeo yakitoka yabandikeni hadharani hata kama ni mabaya. Na kama mnahitaji mafundi wa kuonyesha vibarua jinsi ya kutenganisha, sisi tupo saiti kila siku, njooni kabla ya saa nne, baada ya hapo vumbi linakuwa zito na hatusikilizani.

Wenu,
Fundi wa dari na partisheni